Mlima Unaoteremka

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Kwa heshima yote, wahenga hawakukaa Magharibi mwa Kenya muda wa kutosha. Mlima Elgon husonga. Unasonga kila mvua ikinyesha, na kila mwaka kipande chake kinafika Ziwa Victoria bila kuomba ruhusa ya mtu.

Hata kimo chake cha leo ni kile kilichobaki. Elgon ni volkano iliyozimika, mojawapo ya zile kongwe zaidi Afrika Mashariki, iliyoanza kutapika zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, wakati Kilimanjaro haikuwepo hata kwa ndoto. Wanajiolojia wengi wanaamini kwamba siku zake za ujana huenda iliizidi Kilimanjaro ya sasa. Leo kilele chake kikubwa, Wagagai, kiko mita 4,321 upande wa Uganda, na kile cha Koitobos upande wa Kenya kina mita 4,222. Kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi. Yaani ni jitu lililokaa chini: halitishi kwa urefu, lakini ukijaribu kulizunguka ndipo utajua hujui.

Mita zilizopotea zilienda wapi? Zilishuka. Zikawa udongo mwekundu wa Endebess, Kapsokwony, Kimilili na Mbale. Kuna uwezekano mzuri kwamba unga wa ugali uliokula jana usiku Githurai au Pipeline ulitokana na mahindi yaliyomea juu ya kipande cha mlima huo.

Kwa hivyo mmomonyoko wenyewe si habari mpya, na si ubaya mtupu. Ndio uliotupa shamba. Mahali historia inapoingia ni hapa: katika miaka mia moja iliyopita, kila serikali iliyofika kwenye mlima huu ilikuwa na maoni kuhusu udongo wake, na karibu kila mara maoni hayo yaliishia kwa mtu fulani kuambiwa afungashe virago.

Barafu, maji na pembe za ndovu

Tuanze kabla ya serikali yoyote. Juu kabisa ya Elgon kuna bakuli kubwa, kaldera yenye upana wa kilomita 8 hivi, iliyobaki baada ya kichwa cha volkano kuporomoka ndani. Enzi za baridi kali duniani, barafu ilikaa huko juu kama inavyokaa Mlima Kenya leo. Ilipokuwa ikisonga ilikwangua mabonde, ikachimba vidimbwi, ikaacha malundo ya mawe yaliyosagwa. Barafu ilikwisha zamani sana, lakini alama zake zipo. Kisha maji yakaendelea na kazi. Mto Suam ulitoboa ukuta wa kaldera upande wa mashariki, ukateremka kwa korongo refu, ukawa mpaka wa Kenya na Uganda, na mbele ukabadilisha jina kuwa Turkwel hadi Ziwa Turkana. Maji ya kusini huingia Nzoia na kwenda Ziwa Victoria. Mlima mmoja unagawa udongo wake kwa zaidi ya ziwa moja.

Halafu kuna ndovu. Ndani ya mbuga ya Mlima Elgon, upande wa Trans Nzoia, kuna mapango ya Kitum, Makingeny, Chepnyalil na mengine. Kitum huingia ndani ya mlima karibu mita 200. Ndovu huingia humo usiku, gizani totoro, wakipapasa njia kwa mkonga, kisha wanang'oa ukuta kwa pembe na kutafuna mawe. Wanatafuta chumvi, maana majivu ya volkano yaliyogandamana humo yana madini ya sodiamu ambayo hayapatikani kwenye majani wanayokula. Mwanabiolojia Ian Redmond aliwafuatilia na kuwapiga picha miaka ya 1980, na kazi yake ikasaidia dunia kuelewa kwamba wanyama hawa, kizazi baada ya kizazi, wamekuwa wakilipanua pango hilo.

Mzungu wa kwanza kuandika kuhusu mapango haya, Joseph Thomson, alifika mwaka 1883. Alikuta watu wakiishi ndani na ng'ombe wao, wenye nyumba na zizi na moshi wa jikoni. Aliangalia alama kwenye kuta akaamua kwamba lazima yalichimbwa na watu wa kale waliostaarabika kutoka mbali, labda Wamisri, waliokuwa wakitafuta vito. Wenyeji walikuwa pale pale mbele yake, lakini hakuona kwamba mlima unaweza kuwa na historia yake mwenyewe bila mgeni. Weka hilo akilini, kwa sababu litajirudia.

Wenyeji walikuwa na majina na hesabu zao. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Ilgoon. Wabukusu na Wagisu wanauita Masaba, na wanahesabu ukoo wao kutoka huko. Kony, mojawapo ya jamii za Sabaot, walikuwa na mapango, malisho ya nyanda za chini, na nyasi za juu kabisa kulipo baridi. Mifugo ilipanda na kushuka kulingana na msimu. Shamba dogo, msitu mkubwa, ng'ombe wanaohama: hiyo nayo ni njia ya kutunza udongo, hata kama hakuna aliyeiandikia ripoti.

Daraja la Hoey

Mji wa Moi's Bridge ni mahali pazuri pa kuelewa kilichofuata, kwa sababu uko katikati. Upande mmoja kuna vilima vya Cherangani, upande wa pili Elgon imelala upeoni, na chini ya daraja unapita Nzoia. Kwa usahihi, maji yanayopita hapo yametoka Cherangani. Yale ya Elgon hujiunga mbele, kupitia mito kama Koitobos na Kuywa. Zamani mji huu uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la Arthur Cecil Hoey, mwindaji wa Kizungu aliyegeuka mlowezi na kujenga daraja mahali hapo. Baada ya uhuru Hoey alitoka kwenye kibao, Moi akaingia. Daraja lilibaki kufanya kazi ile ile: kuvusha mahindi. Hadi leo maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao ndiyo majengo yanayoonekana kwanza ukikaribia.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa ardhi askari wastaafu wa Kiingereza uligawa Trans Nzoia kwa mashamba makubwa. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Malisho ya chini ya Wasabaot yakawa mahindi, ekari kwa ekari, mwaka baada ya mwaka, zao moja tu. Waliokuwa wakichunga hapo waligeuka vibarua au wakasukumwa juu mlimani.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung, alikaa kwenye mteremko wa Elgon mwishoni mwa mwaka 1925. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba alimuuliza mganga mmoja mzee kuhusu ndoto. Mzee akasikitika: tangu Waingereza waje, waganga hawaoti tena ndoto za maana, kwa sababu sasa DC ndiye anayejua kila kitu, vita, magonjwa, mahali watu wataishi. Wengi husoma kisa hicho kama habari ya saikolojia. Mimi naona ni habari ya ardhi. Mzee alikuwa anaeleza mahali ambapo maamuzi yalikuwa yamehamia.

Vumbi la Marekani, amri ya Kenya

Miaka ya 1930, nyanda za kati za Marekani zilipeperuka. Mashamba yaliyolimwa kupita kiasi yalikauka, upepo ukabeba udongo hadi miji ya mashariki, na mwaka 1935 serikali ya Washington ikaunda idara maalum ya kuhifadhi udongo. Hofu hiyo ilivuka bahari. Maofisa wa kikoloni wa Afrika Mashariki walianza kuona jangwa kila walipotazama, na nchini Kenya kikaundwa kitengo cha hifadhi ya udongo chini ya Colin Maher.

Tusiwaonee. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, na picha za Machakos za wakati huo zinatisha. Shida ilikuwa hesabu ya nani alaumiwe. Waafrika walikuwa wamebanwa kwenye hifadhi finyu huku ardhi tambarare ikiwa kwa walowezi. Ukibana watu na ng'ombe mahali padogo, udongo utachoka. Lakini ripoti nyingi zilianza na mkulima mvivu na ng'ombe wengi. Walowezi nao walikuwa wakimomonyoa kwa zao lao moja la mahindi. Tofauti ni kwamba mlowezi alipewa ushauri na mkopo, Mwafrika akapewa amri na faini.

Watu walijibu. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe kwa kisingizio cha kuokoa udongo. Mwaka 1947, kule Murang'a, kazi ya lazima ya kuchimba matuta iligeuka mgomo, na wanawake, ambao ndio walioshika majembe, walikuwa mstari wa mbele mwaka uliofuata.

Na chini ya Elgon kulikuwa na Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji mpira wa zamani, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Kwa wafuasi wake mlima ulikuwa mahali pa misambwa, mizimu ya mababu, mahali pa kupanda na kutoa sadaka. Walikataa amri za kilimo pamoja na mengine mengi: kodi, kanisa la Mzungu, kazi ya lazima. Mwaka 1948 polisi walifyatulia watu risasi Malakisi, dini ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa mbali kabisa, Lamu. Serikali iliona wendawazimu. Kabla ya hapo ilikuwa imeshamfungia hospitali ya Mathari. Lakini ukitoa lugha ya dini, swali lake lilikuwa rahisi: mlima ni wa nani?

Kushushwa, kupandishwa

Tume ya Ardhi ya Carter, iliyofanya kazi kati ya 1932 na 1934, ilisikiliza madai ya Kony kuhusu Trans Nzoia. Hawakurudishiwa mashamba, walibakishiwa nyasi za juu, Chepkitale. Kwa hivyo mkoloni aliwapandisha juu.

Uhuru ukaja, na lugha ikabadilika kidogo. Mwaka 1968 mbuga ya taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa upande wa Kenya, na Chepkitale nayo ikawekwa kuwa hifadhi ya wanyama. Sasa waliopandishwa wakatakiwa washuke. Mwaka 1971 ukaanza mpango wa makazi wa Chebyuk kwa ajili ya watu wa juu, wanaojiita Ogiek au Mosop. Angalia kinaya hiki taratibu: ili kuhifadhi nyasi za juu, serikali ilikata msitu wa katikati, pale pale ambapo mteremko ni mkali na mizizi ndiyo inayoshika udongo, ikagawa mashamba.

Kisha ikagawa tena, na tena. Mpango ulipitia awamu tatu, orodha zikabadilishwa, majina yakaongezwa na mengine kufutwa, wanasiasa wakaahidi kila mtu. Aliyepata shamba leo hakujua kama kesho ni lake. Hasira hizo zilizaa kundi la SLDF katikati ya miaka ya 2000. Human Rights Watch ilikadiria kwamba kundi hilo liliua zaidi ya watu 600. Machi 2008 jeshi likapelekwa katika Operesheni Okoa Maisha, na shirika hilo hilo likarekodi mateso na watu waliopotea mikononi mwa vyombo vya dola. Waliolala Cheptais na Kopsiro miaka hiyo hawahitaji kukumbushwa.

Upande wa Uganda stori ni pacha. Mwaka 1983 jamii ya Benet iliteremshwa kutoka nyasi za juu na kupewa eneo la makazi kwenye msitu. Mwaka 1993 Mlima Elgon ukawa mbuga ya taifa, mipaka ikapimwa upya, na wengi wakajikuta wako ndani ya mbuga bila kusonga hatua. Mwaka 1994 wakfu mmoja wa Uholanzi ukaanza kupanda miti kwenye mpaka huo ili kufidia hewa chafu ya Ulaya. Wanakijiji walikata maelfu ya miti hiyo na kupanda mahindi, maana kwao ule mti ulikuwa kigingi cha mpaka chenye majani. Mahakama iliwatambua Benet mwaka 2005. Ogiek wa Chepkitale walishinda kesi yao mahakamani Bungoma mwaka 2022. Kushinda kwenye karatasi na kulala usingizi mzuri ni vitu viwili tofauti.

Nametsi

Jioni ya tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua ya siku nyingi, upande wa mlima ulijitenga juu ya kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, Uganda. Matope yalifunika nyumba, maduka na kituo cha afya ambako watu walikuwa wamejikinga mvua. Zaidi ya watu 300 walikufa au hawakuonekana tena. Wengi hawakufukuliwa, kijiji ndicho kaburi.

Wanasayansi hawakushangaa sana. Watafiti wa Uganda na Ubelgiji walikuwa tayari wameorodhesha maporomoko 98 katika eneo hilo hilo la Manjiya, mengi yakiwa ya mvua za El Niño za 1997. Maelezo yao yanaeleweka bila digrii. Mteremko wa magharibi wa Elgon ni mkali na unapata mvua nyingi. Udongo wake ni mfinyanzi mzito uliokaa juu ya mwamba. Ukinywa maji unakuwa mzito na wakati huo huo unalegea. Mahali maji yanapokusanyika kwenye kikombe cha mlima, ndipo panapong'oka. Ongeza mtu aliyechonga ukuta wa mlima apate kiwanja cha nyumba, toa miti yenye mizizi mirefu, na umeondoa vizuizi vya mwisho.

Manusura walihamishiwa Kiryandongo, mamia ya kilomita kutoka nyumbani, kwenye tambarare. Baadhi walirudi. Ukisikia hivyo ukiwa Nairobi unaweza kusema watu hawasikii. Lakini Bududa ndiko kahawa inakomea, ndiko makaburi yaliko, ndiko vijana wanakotahiriwa. Na mtu ambaye ukoo wake umehamishwa mara tatu kwa sababu tatu tofauti, zote zikiitwa "kwa faida yenu", anajifunza kutilia shaka lori la serikali hata siku linaposema kweli.

Mlima haukusubiri. Bududa iliporomoka tena 2012 na 2018. Bulambuli, Novemba 2024. Ng'ambo ya pili, Cherangani nayo ilizika watu Pokot Magharibi Novemba 2019, na Chesongoch kule Marakwet ikafuata kati ya Oktoba 31 na Novemba 1, 2025. Na udongo ambao hauui mtu juu unafanya kazi chini: unajaza Nzoia matope, mto unainua kitanda chake, na watu wa Budalang'i wanabeba magodoro kichwani.

Fanya juu

Mjadala wetu kuhusu haya yote kawaida huishia na sentensi moja: watu wamekuwa wengi mno. Ni sentensi tamu kwa sababu haimdai mtu chochote. Lakini historia ya Kenya ina ushahidi unaoipinga, na ushahidi huo una jina la Kiswahili.

Ukifungua vitabu vya sayansi ya udongo vya chuo chochote duniani utakutana na maneno "fanya juu", yameachwa hivyo hivyo bila tafsiri. Ni aina ya tuta. Unachimba mtaro ukifuata kontua, na badala ya kutupa udongo chini ya mtaro, unautupa upande wa juu. Mvua ikija, udongo unaoteremka unakwama nyuma ya tuta, na baada ya miaka kadhaa shamba la mteremko linakuwa ngazi. Mkoloni alikuwa amelazimisha aina nyingine, rahisi na dhaifu, ya kutupa chini. Wakulima wa Machakos, hasa kuanzia miaka ya 1950, walichagua ile ngumu zaidi, wakaichimba kwa makundi ya mwethya, wanawake wakiwa wengi.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao kuhusu Machakos. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Vilima vile vile ambavyo Maher alikuwa ameviandikia tanzia vilikuwa na matuta, miti na maembe. Watu waliongezeka, lakini pia walikuwa na soko, barabara, na, la muhimu zaidi kwa stori yetu, uhakika kwamba shamba ni lao na la watoto wao.

Machakos si Elgon, sawa. Mvua ni tofauti, mteremko ni tofauti, na kuna sehemu za Bududa ambazo tuta lolote halitazuia. Huko dawa ni watu kuhama kweli, kwa mpango wanaouamini. Lakini tuta la fanya juu huchukua miaka kuwa ngazi, na mti wa asili huchukua miongo kushika mlima. Hakuna anayemfanyia kazi ya miaka 20 mwenye shamba asiyejulikana. Kwa karne nzima tumewaambia watu wa Elgon wahifadhi udongo, na kwa karne hiyo hiyo tumewaonyesha kwamba udongo si wao. Ukiwa na msimu mmoja tu wa uhakika, utapanda mahindi hadi ukingo wa mto, utavuna, utaangalia barabara kama kuna gari la serikali linakuja.

Mlima utaendelea kuteremka, hiyo ndiyo kazi yake tangu kabla ya jina. Swali letu ni kasi, na nani aliye chini yake usiku mvua ikizidi. Ukisikia tena kwenye habari kwamba mmomonyoko umeharibu mteremko fulani, na serikali imewapa wakaaji siku kadhaa waondoke, uliza maswali mawili kabla ya kusikitika na kupita: walifika hapo lini, na nani aliwapeleka? Kwa Elgon, majibu yote mawili yameandikwa. Yako kwenye mafaili ya serikali.